Kumtafuta babu aliyepotelea vitani: uzoefu wangu na kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita

Kwetu Machakos hadithi ilikuwa moja: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia babu alichukuliwa na Wazungu kwenda Bama (Burma, sasa Myanmar), akapata mke huko, akasahau nyumbani. Nyanya alifariki akiwa bado amemnunia. Baba, aliyezaliwa wakati babu yuko tayari kambini, hakupenda hata kuulizwa.

Nilianza vibaya, kwa kulipa. Tovuti moja ya kutafuta ukoo ilinipa siku chache za bure, nikasahau kujitoa, pesa zikakatwa kwenye kadi. Humo ndani nilikuta vitabu vya ubatizo vya Uingereza na orodha za abiria walioshukia New York. Kisha nikaagiza kile kichupa cha kutemea mate, cha kupima vinasaba (DNA). Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa: mimi ni Mbantu wa Afrika Mashariki. Hilo ningeambiwa bure na kondakta yeyote wa matatu.

Hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) hailipiwi na haikuhitaji nijisajili ili kutafuta. Unaandika jina, nchi, kikosi au tarehe ya kifo, unaletewa orodha. Ila usiingie mikono mitupu. Mimi niliandika jina la babu nikachagua Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, maana kwetu kila askari wa zamani huitwa Keya. Hakuna. Nikabadilisha herufi. Hakuna. Jina letu lina ile "nth" ya Kikamba, na sijui karani wa jeshi aliisikiaje.

Aliyenifungulia mlango ni dada mdogo wa nyanya, ajuza anayesahau kama amekunywa chai lakini hasahau mwaka wa njaa hata mmoja. "Babu yako hakuwa Keya," akasema, "alikuwa wa mizinga. Na aliondokea Mombasa, kwa meli."

Mizinga, meli, Mombasa. Ukisoma kidogo kuhusu vita vile, maneno hayo matatu yanakupeleka kwa meli moja, Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, imebeba kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga topedo. Ilizama kwa dakika mbili tatu. Watu 1,297 walikufa. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikiilinda zilitupa mabomu ya majini kuiwinda nyambizi ile, na baadhi ya walionusurika wangali wanaelea pale pale.

Nikarudi kwenye hifadhidata, safari hii nikaliacha jina kabisa. Nikaandika tarehe 12 Februari 1944 na kikosi: East African Artillery. Orodha ilikuwa ndefu, nikaipitia mstari kwa mstari usiku mzima. Babu alikuwemo, jina limeandikwa kama Mzungu alivyolisikia, na pembeni jina la baba yake na Machakos. Hakufika Bama. Hakuoa mtu.

Kilichoniuma zaidi ni pale jina lake lilipochongwa: East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Nimepita hapo kwa matatu nikienda kazini miaka sita.

Nawapa CWGC nyota nne. Unaweza kupakua cheti cha kumbukumbu. Mimi nilikichapisha kwenye saiba (mkahawa wa intaneti), baba akakitundika kando ya kalenda. Lakini jueni mipaka yake. Aliyerudi salama humo hayumo, hiyo ni orodha ya waliokufa tu. Na kama mtu wenu alikuwa mpagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Carrier Corps waliotuachia majina ya mitaa Kariakoo na Kariokor, msitarajie sana: mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Hao watafuteni kwenye majalada ya wilaya, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, na mjipe siku kadhaa za subira.

Ushauri wangu ni mdogo: kaeni kwanza na nyanya zenu, hasa wale wasioulizwaga kitu, ndipo mnunue bando. Ulizeni kikosi, bandari, msimu wa kuondoka. Jina liwe la mwisho.

Nilipomsimulia dada wa nyanya, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza meli ilichukua muda gani kuzama. Nikamwambia. Akasema babu hakujua kuogelea, Mto Athi wenyewe alikuwa akiuvuka kiangazi tu, na akaniomba nimsogezee kikombe chake.