JamiiForums kwa habari za siasa: nyota nne, na gazeti bado nanunua

Wakuu, naona watu wanaulizana kama kufuatilia siasa za bongo JamiiForums (JF), jukwaa la mijadala la mtandaoni, kunatosha au bado mtu ahangaike na magazeti na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwa mtazamo wangu, ukitaka kujua jambo linakuja, JF iko mbele. Ukitaka kujua kama jambo lenyewe ni kweli, hapo kazi unafanya mwenyewe, na sio kila mtu ana muda huo.

Huduma ni bure, bando lako tu. Unajisajili kwa jina lolote, unaingia Jukwaa la Siasa, unasoma au unaanzisha uzi, yaani mada ya watu kuchangia. Ipo tangu 2006, enzi hizo ikiitwa JamboForums, kipindi ambacho Ndesanjo Macha alishaanza kublogu kwa Kiswahili na Michuzi, mpiga picha mwenye blogu, anatupia picha za kila shughuli mjini. Tofauti ni kwamba kwa Michuzi uliona nani kakaa meza kuu, JF watu wanabishana hela ya hiyo meza imetoka wapi.

Uzi wa moto unakwendaga hivi. Mtu anaweka kichwa kimeandikwa Tetesi, mistari mitatu tu, kwamba taasisi fulani kuna mkataba umesainiwa kimyakimya. Komenti za mwanzo zote ni "weka ushahidi mkuu" na "nimekaa paleee", halafu wanaingia wa chama hiki kutetea na wa chama kile kutukana, unakaribia kufunga, ndo anatokea mtu mwenye jina la ajabuajabu anaandika kwa utulivu, anataja idara, anataja nani alikuwa kwenye kikao, na kurasa mbili mbele unakuta barua yenyewe imepigwa picha kwa simu, imekaa upande. Mimi hapo ndo nakuza picha: kumbukumbu namba, tarehe, cheo cha aliyesaini, kama tarehe hiyo huyo mtu alikuwa bado kwenye hicho cheo. Barua feki nyingi zinafia kwenye cheo. Gazeti lingekuandikia tu "barua ambayo gazeti hili limeiona", we ubaki kuamini.

Na sio kwamba waandishi wetu hawajui kazi, hapana. Mhariri ana mtambo, ana mishahara ya watu, na leseni inashikwa na mtu mwingine. Gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa 2012, likafungiwa tena 2017 miaka miwili, Mawio 2016, Tanzania Daima likanyang'anywa leseni 2020, yakaja kufunguliwa Februari 2022. Oktoba 2024 Mwananchi wakasimamishiwa leseni za mtandaoni siku 30 kisa katuni ya kwenye video. Hapo hata ungekuwa wewe ungepunguza makali. Mtu asiye na jina mwenye simu hana cha kufungiwa.

Ila mwenye jukwaa anacho, na hapo ndo nawapa maksi nyingi kuliko kote. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JF, alikamatwa, polisi walikuwa wanataka taarifa za wanachama, akagoma, na kesi zikaburuzwa miaka. 2019 CPJ, kamati ya kimataifa ya kulinda waandishi, wakampa tuzo ya uhuru wa habari. 2018 zikaja kanuni za maudhui mtandaoni, ada jumla shilingi milioni 2.1, maombi laki moja, leseni milioni, na ya mwaka milioni, wanablogu kibao wakafunga virago na JF yenyewe ikazima Juni kabla ya kurudi. Septemba 2025 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakaisimamishia leseni siku 90. Kwa hiyo ukiichagua kama mbadala wa vyombo vikubwa ujue kabisa na yenyewe inaweza kuzimwa.

Sasa ubaya. Kipindi cha uchaguzi hakusomeki, ID (akaunti) zimefunguliwa jana zote zinaimba wimbo mmoja, chawa (wapambe) wa kila upande, na mtu akitoa takwimu anaambiwa katumwa. Kuna wale wanaokopi uzi, wanafuta neno tetesi, wanautupa grupu la familia, jioni shangazi anakupigia anauliza kama waziri kajiuzulu kweli 😅 JamiiCheck, kitengo cha JF cha kuhakiki habari, wanasaidia kuchuja lakini uongo una mbio.

Halafu kuna vitu JF hawana na nadhani hawatakuwa navyo. Hamna mtu wa kukaa mahakama ya Kisutu kutwa nzima kusikiliza shahidi anahojiwa na wakili, akaandika neno kwa neno. Hamna wa kumpigia mtuhumiwa simu amuulize upande wake. Tena nusu ya mijadala inaanza na habari iliyobandikwa kutoka gazetini, ikitoka hiyo tunabaki tunapigana kwa hisia.

Kwa anayejiunga leo: usiweke picha yako, imeili ya kazini usiitumie, soma uzi mpaka ukurasa wa tatu kabla hujakomenti, na anayeandika herufi kubwa tupu mruke. Wenye muda mfupi wasome komenti zenye likes nyingi, mara nyingi ndo zimebeba nyama.

Nyota ya tano nimewanyima wachangiaji, sio wenye jukwaa.