Black Swan: filamu ya baleti kwa jicho la fundi cherehani

Kijana anayeniwekea filamu kwenye flashi hapa Mwanga, Kigoma, alinionya mapema: "Mama, hii haijatafsiriwa, halafu ni ya watu wanaocheza kwa ncha za vidole vya miguu." Nilimwambia aiweke hivyo hivyo, kwa sababu sauti ya mtafsiri ingefunika pumzi na minong'ono ambayo ndiyo inayotisha. Nilipofunga cherehani usiku niliitazama yote, dakika 108, peke yangu, na sishauri mtu aitazame mbele ya watoto wala wakwe, maana ina mambo ya chumbani na damu.

Filamu hii ya mwaka 2010 iliongozwa na Darren Aronofsky. Nina (jina ambalo kwetu husikika kama sentensi iliyokatwa kabla ya kutaja mali) ni mchezaji wa baleti wa New York anayepewa nafasi kuu katika Swan Lake, mchezo wa baleti wenye muziki wa mtunzi Mrusi Tchaikovsky, uliooneshwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877. Anatakiwa awe bata-maji mweupe, binti mpole aliyerogwa, na pia mweusi, mlaghai anayemnyang'anya mwenzake mchumba. Mweupe anamcheza bila kosa. Mweusi anamshinda, kwa kuwa huyo hachezwi kwa kuhesabu hatua.

Wengi watasimulia mauzauza anayoyaona kwenye vioo, lakini mimi nilishikwa na viatu. Nina anachukua viatu vipya, anavivunjavunja, anachana soli kwa mkasi ili asiteleze, kisha anashona utepe kwa mkono, na kazi yote hiyo ni ya viatu ambavyo havitadumu. Nilisimamisha filamu nikarudia kutazama. Niliwahi kufumua gauni la bibi harusi mara tatu kwa ajili ya mkunjo ambao hata mwenyewe hakuuona, kitenge kikaanza kuchoka pale penye sindano, na bado mkono haukutaka kuacha.

Mama yake, anayeigizwa na Barbara Hershey, aliniogopesha kuliko damu. Amemnunulia binti keki kubwa ya kumpongeza. Binti anaomba kipande kidogo kwa kuwa tumbo limejikaza, na papo hapo mama anaibeba keki kwenda kuitupa. Binti anaomba radhi, kisha analamba krimu kwenye kidole cha mama yake huku akitabasamu. Mama huyo huyo humkata kucha mwanawe mtu mzima kwa nguvu, kwa sababu anajikuna mgongo mpaka anajichubua.

Natalie Portman, anayemwigiza Nina, alistahili tuzo ya Oscar aliyopewa mwaka 2011. Kamera inamfuata nyuma ya shingo mpaka unahisi uzito wa mabega yake. Kasoro ninayoiona ni kwamba mwalimu wake, Thomas, anatueleza kwa maneno yale ambayo mwili wa Nina umeshayasema, na weusi na weupe wa nguo na kuta umezidishwa kana kwamba watazamaji ni wazito wa kuelewa. Vioo navyo vingepunguzwa.

Niliporudisha flashi, kijana aliniuliza kama wanacheza vizuri. Nilimwambia atazame sehemu ya viatu kwanza, ndipo aniulize habari ya kucheza.