PlayStation Portal nyumbani Sinza: inapofaa na inapokwama

Watu wengi huku kwetu wakiiona PlayStation Portal kwa mara ya kwanza wanadhani ni PS ndogo ya kutembea nayo. Ina kioo cha inchi 8 katikati, nusu ya padi kushoto, nusu kulia, na ukiishika inakaa mkononi vizuri kabisa. Lakini ndani yake hakuna gemu. Huwezi kuchomeka diski, huwezi kushusha gemu ukaihifadhi humo, hata kivinjari cha kuingilia mtandaoni haina. Kazi yake ni kupokea picha na sauti zinazorushwa kwa waifai kutoka PS5 yako, au kutoka seva (kompyuta kubwa za mbali) za Sony waliotengeneza PlayStation, kisha kurudisha kule kila unachobonyeza. Nimeitumia Dar es Salaam muda wa kutosha, nikaitumia na Uingereza nilipokwenda kumtembelea dada yangu, na nimeona kwamba utamu wa chombo hiki unategemea umbali uliopo kati yako na mashine inayoendesha gemu. Kutoka sebuleni hadi chumbani ni raha tupu. Kutoka ng'ambo hadi Sinza, pesa yako bora uitunze.

Nilinunua kwa sababu ya luninga. Nyumbani tuna moja, iko sebuleni, na zamu yangu ilikuwa haifiki. Saa moja tamthilia, saa mbili taarifa ya habari, na kukiwa na mechi ya Simba au Yanga ndiyo usiguse rimoti kabisa. PS5 ilikuwa inangoja mpaka watu walale, na mimi asubuhi natakiwa kazini. Siku hizi PS5 inafanya kazi yake kimya pale chini, luninga inaonyesha mambo mengine, mimi nimejilaza chumbani nacheza. Kama luninga yako ina tabia ya kuhamia yenyewe kwenye PS5 kila unapoiwasha kutoka mbali, ingia kwenye mipangilio ya PS5 uzime HDMI Device Link, la sivyo utamkatia mtu tamthilia mahali pabaya. Baada ya hapo ugomvi wa rimoti kwetu umekwisha, na hilo peke yake limenirudishia pesa yangu.

Bei ilipotoka Novemba 2023 ilikuwa dola 199.99 kule Marekani, karibu shilingi laki tano za wakati ule kabla ya usafiri na kodi. Kwenye maduka ya hapa utaikuta juu zaidi, na waranti ni ile atakayokupa muuza duka mwenyewe, kwa hiyo dai risiti iliyoandikwa vizuri.

Picha ni ya 1080p, fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana. Padi yake ina ule mtetemo wa DualSense, padi ya PS5, na zile triga zinazokaza unapovuta upinde, na hapo ndipo inapoishinda simu yenye padi ya kubana pembeni. Nimecheza God of War Ragnarök humo karibu yote. Kwenye theluji na mwanga wa mchana huwezi kuamini kwamba picha imesafiri hewani. Ukiingia pangoni, kwenye giza, ndipo unaona mabaka mabaka ya kijivu, maana picha inabanwa ili ipite haraka na weusi ndio unaoumia kwanza. Halinisumbui sana, ila mtu aliyezoea luninga nzuri ataliona.

Sasa waifai, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Sony wanasema Portal inahitaji angalau megabiti 5 kwa sekunde, na wanapendekeza 15. Mtu akisoma hivyo anakimbilia kuongeza kifurushi cha faiba. Mkiwa nyumba moja, wewe na PS5 yako, kifurushi si tatizo. Picha inatoka PS5, inaingia kwenye ruta, inakuja Portal, haivuki hata geti, wala haili bando. Tatizo ni kuta. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, na fundi wa intaneti anaiacha ruta pale waya wake ulipoishia, mara nyingi nyuma ya luninga, pembeni kabisa mwa nyumba. Waifai ya 2.4 GHz inapenya ukuta lakini imejaa waifai za majirani na bluetooth za kila mtu. Ile ya 5 GHz ina kasi na nafasi, ila ukuta wa pili tu inachoka.

Kwangu mwanzoni picha ilikuwa inaganda nusu sekunde, inarudi, inaganda tena. Nikaiunganisha PS5 na ruta kwa waya wa LAN. PS5 ikiwa kwenye waifai, picha inapita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka kwenye ruta. Ukiweka waya unafuta safari moja. Kisha ruta nikaitoa nyuma ya luninga nikaipandisha juu ya kabati la korido, na Portal nikaiingiza kwenye 5 GHz. Sikuongeza hata megabiti moja ya kifurushi.

Kipimo changu ni EA Sports FC, gemu ya mpira, kwenye ule upigaji wa kubonyeza mara ya pili mguu unapogusa mpira. Ukipatia inawaka kijani, ukichelewa kidogo mpira unakwenda jukwaani. Ruta ilipokuwa nyuma ya luninga nilikuwa napaisha kila shuti, na mikono yangu naijua. Baada ya kuihamisha, kijani kikarudi. Tekken 8 hata hivyo siichezi humu. Gemu ya kupigana inahesabu fremu, na fremu moja ni kama milisekunde 17. Ule ucheleweshaji mdogo ambao kwenye gemu ya hadithi hausikii, kule unakula ngumi tatu kabla hujaweka bloku. Wanaocheza kwa ushindani wabaki na luninga na padi ya kawaida.

Umeme nao. Portal ina betri yake, unaweza kudhani itakufaa umeme ukikatika. Haikufai. Ruta imezima, PS5 imezima, wewe umebaki na kioo chenye chaji iliyojaa kisichoonyesha chochote. Na umeme ukirudi, PS5 hairudi kwenye hali ya kulala, inabaki imezima kabisa, na Portal haiwezi kuiamsha. Lazima mtu aende pale aibonyeze kwa kidole. Nimeweka UPS ndogo ya PS5 na ruta, si kwa ajili ya kucheza gizani, ila ipate muda wa kuzimwa kistaarabu bila faili kuharibika. Kwa wanaotoka na Portal kwenda kazini au safari hilo ni jambo kubwa, maana umeme ukikatika kidogo tu nyumbani, gemu yako imeisha mpaka umpate mtu wa kuiwasha.

Hilo lilinikuta nikiwa Birmingham kwa dada. Nilitaka kuifungua PS5 ya Sinza kutoka kule, haipatikani. Nikampigia mdogo wangu WhatsApp: "Hebu nenda sebuleni uniwashie PS." Akaniambia, "Kaka, umeme umerudi sasa hivi, ngoja." Akabonyeza, na kweli luninga ya kwetu ikaja mkononi mwangu Uingereza, na gemu nilipoiachia. Furaha ile siwezi kuificha. Lakini kucheza mpira haikuwezekana. Nabonyeza pasi, mchezaji anatoa pasi wakati beki ameshafika. Nikaishia kupanga kikosi na kununua wachezaji, mambo yasiyo na haraka, na hayo yalikwenda sawa.

Sababu si ubaya wa chombo. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Uingereza ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa ndege, na nyaya za baharini hazinyooki kama ndege. Hata ungevuta waya ulionyooka kabisa, kwenda na kurudi ni milisekunde 70 na zaidi, yaani fremu nne zimepotea njiani kabla ruta yoyote haijagusa kitu. Hakuna kifurushi kinachouza dawa ya hilo.

Siku ileile, Portal ileile, nikajaribu gemu za kwenye seva. Kwa akaunti ya Uingereza yenye PS Plus Premium, usajili wa kulipia wa ngazi ya juu, inawezekana: Sony walianza kuijaribu kwenye Portal Novemba 2024, na mwaka mmoja baadaye wakaifungua rasmi, hata baadhi ya gemu ulizonunua kidijitali unaweza kuzirusha kutoka kwao bila PS5 kuwashwa. Ilikwenda vizuri mno. Mpwa wangu alikaa na mimi kwenye kochi, akaniuliza, "Anko, PS yenyewe iko wapi?" Nikamwambia haipo hapa. Alicheza mpaka dada akamfukuza akalale, na sikuona kuganda hata kidogo. Pale nikaelewa kwa nini watu wa kule wanaisifu. Seva ziko karibu nao.

Kwetu hadithi ni tofauti. Mtandao wa PlayStation wenyewe haujafunguliwa rasmi Tanzania wala Kenya. Wachezaji tunatumia akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani na kadi za kununua. Tuliona Mei 2024, gemu ya Sony ya Helldivers 2 ilipoondolewa sokoni kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 zisizo na mtandao huo, jinsi tulivyo nje ya orodha. Kurusha gemu kutoka seva ni huduma iliyojengwa juu ya orodha hiyohiyo. Na hata ikifunguliwa kesho, kuna suala la nyaya. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania intaneti ikawa ya kuombea. Mwenye gemu yake kwenye PS5 sebuleni aliendelea na hadithi yake kwenye luninga. Mwenye gemu kwenye seva za ng'ambo angekaa bure.

Bando la simu ndilo gumu zaidi. Megabiti 15 kwa sekunde, ukizipigia hesabu, ni karibu GB 6.75 kwa saa moja. Jumamosi moja ya kucheza kisawasawa inameza bando la mwezi la watu wengi ninaowajua. Vijana wa vibanda vya gemu wanaolipia kwa mechi bado wanapata burudani kwa bei ambayo huduma ya seva haiwezi kuifikia leo, na inaniuma kila nikisoma kwamba mashine za kurusha gemu ndizo zitawafikia wasio na uwezo wa kununua PS5. Zitawafikia siku seva zitakapowekwa karibu na bando litakaposhuka. Mpaka hapo, asiyeweza kununua PS5 hawezi pia kulipia intaneti ya kuichukulia nafasi.

Tena kuna suala la uaminifu. Huduma za kurusha gemu zimewahi kufungwa. OnLive walianza 2010 Marekani, wakauza kiboksi chao kwa dola 99, na 2015 wakafunga. Google Stadia ilizinduliwa Novemba 2019 katika nchi 14 za Ulaya na Amerika Kaskazini, ikazimwa tarehe 18 Januari 2023. Google walirudisha pesa za gemu na za vifaa vilivyonunuliwa kwenye duka lao, na padi wakaifungulia bluetooth itumike kwingine, na kwa hilo nawapongeza. Lakini baadhi ya gemu zilizokuwa za Stadia pekee ziliondoka nayo, kwa hiyo kwenye seva za watu nalipia kucheza, gemu ninayoipenda naitafuta kwenye diski. Mwaka 2022 Logitech nao walitoa G Cloud, chombo cha mkononi cha kupokea gemu za seva, kwa dola 349.99. Hiyo ni Android, angalau seva zikikosekana unacheza gemu zilizoshushwa ndani, ila kwa bei hiyo na mtandao wetu siioni sababu.

Kasoro ya Portal yenyewe inayonikera kila siku ni sauti. Haina bluetooth. Spika za masikioni zisizo na waya ulizonazo hazitaungana nayo. Unatakiwa kununua zile za PlayStation Link, njia ya Sony wenyewe ya kurusha sauti, na Pulse Explore ilitoka kwa dola 199.99, bei ya Portal nzima. Shukrani kuna tundu la 3.5 mm. Nimenunua earphone za waya za kawaida na nimeridhika.

Kwa hiyo mwenye PS5, luninga ya familia na ruta anayoweza kuihamisha, nunua, na iunganishe PS5 na ruta kwa waya wa LAN kabla hujailaumu Portal. Usiye na PS5, acha kwanza, hela hiyo iwe mwanzo wa kudunduliza ya PS5 yenyewe. Ukienda Kariakoo kutafuta iliyotumika, usiridhike na kuiona inawaka. Kwa kuwa haina gemu ndani, muuzaji anaweza kukuonyesha kioo safi tu na biashara ikaisha. Mwambie aiunganishe na PS5 iliyopo dukani, ingia kwenye gemu yoyote yenye mtu anayetembea, achia vijiti vyote viwili. Mtu akisogea mwenyewe, kijiti kimeanza kuteleza, na hapa huwezi kubadili padi kama kwenye PS5, imejengwa pamoja na kioo. Angalia pia tundu la chaji la USB-C kama halichezi, na hakikisha akaunti ya mwenyewe imeondolewa mbele ya macho yako.