Pembrolizumab: dawa inayoifungulia breki kinga ya mwili

Pembrolizumab, inayouzwa kwa jina la Keytruda, haiui yenyewe seli za saratani, na anayeipima kwa mizani ya dawa za kemo, zinazoziua seli hizo moja kwa moja, ataikosea tangu mwanzo. Ni kingamwili ya maabara inayojibandika kwenye PD-1, protini iliyo juu ya seli T (askari wa kinga ya mwili) ambayo kazi yake ni kuzizuia zisiudhuru mwili zinaoulinda. Uvimbe wa saratani mara nyingi huitumia breki hiyo kwa hila: seli zake hujivika protini ya PD-L1, nayo ikigusana na PD-1, seli T iliyokuja kuua hupoa. Dawa huzuia mguso huo.

Matumizi yake ni mepesi: miligramu 200 kwa dripu ya nusu saa kila wiki 3, au 400 kila wiki 6, na kwa kawaida nywele hazinyonyoki. Jimmy Carter, Rais wa zamani wa Marekani, alipewa mwaka 2015, pamoja na upasuaji na mionzi, melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ikiwa imefika kwenye ubongo. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Hata hivyo, katika saratani nyingi wasiopona ni wengi kuliko wanaopona, na bei iliyotangazwa Marekani inazidi dola 10,000 kwa dozi ya wiki 3.

Kasoro yake kubwa inatoka palepale inapotoka nguvu yake. Maabara ya mwanasayansi Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani, iliyoigundua PD-1 mwaka 1992, baadaye ilionyesha kwamba panya wasio nayo hupata ugonjwa unaofanana na lupasi, ambapo kinga huushambulia mwili wenyewe. Kwa binadamu, seli T zilizofunguliwa huweza kushambulia tezi ya thairoidi, utumbo mpana, mapafu na, kwa nadra lakini kwa hatari kubwa, misuli ya moyo, hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Anayeharisha mara sita kwa siku asipoitaja dawa hii zahanati, huenda akaandikiwa antibayotiki wakati anachohitaji ni steroidi, dawa ya kutuliza kinga.

Abatacept, dawa ya baridi yabisi, hufanya kinyume chake kwa kuiga CTLA-4, breki nyingine ya seli T, na madaktari wamewahi kuitumia kuokoa mioyo iliyoshambuliwa hivyo. Kwa hiyo naipendekeza pembrolizumab kwa aliyepimwa uvimbe wake na kuonekana unafaa; mwenye lupasi au baridi yabisi asiianze kabla daktari wa saratani na wa viungo hawajashauriana.