Redio za Kuunganisha Majengo Mawili: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mtu anayetaka kufikisha intaneti ya dukani kwenye ghala lililo umbali wa kilomita moja au mbili huulizia redio (kifaa cha kurusha na kupokea intaneti hewani) yenye nguvu kuliko zote, ilhali kinachoamua kasi ni wembamba wa mwale na uwazi wa njia kati ya antena mbili.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa jozi ya redio za masafa ya gigahezi 5 zenye antena ya sahani, kwa mfano LiteBeam 5AC Gen2 ya Ubiquiti, ambayo antena yake ni ya desibeli 23, kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja. Sahani hukusanya mawimbi upande mmoja na kuziba sikio kwa kelele za majirani, na ndiyo maana hufanya kazi vizuri hata mjini. Adha yake ni kulenga: mlingoti ukiyumba kwa upepo, kasi huyumba pamoja nao.

Redio bapa kama NanoStation 5AC Loco, ya desibeli 13, ni ya pili. Hulengwa kwa urahisi na kwa mita mia chache inatosha kabisa. Zile za gigahezi 60 huweza kupita gigabiti moja kwa sekunde, lakini mvua kubwa ya masika huzidhoofisha, hivyo nazipendekeza kwa umbali mfupi tu. Gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, nazo rauta za mtaa mzima zimekwisha kuzijaza. Ya mwisho ni ripita ya redio moja, kwa kuwa hupokea na kurusha kwa chaneli ileile na kupunguza kasi karibu nusu.

Kabla ya kulipa, panda juu ya paa. Kuona jengo la pili kwa macho hakutoshi, kwa sababu mawimbi huhitaji nafasi yenye umbo la yai refu: kwa kilomita 2 na gigahezi 5.8, katikati ya njia pawe na takriban mita 3 zilizo wazi kuzunguka mstari wa kuonana. Mwembe ukiingia humo, fedha iende kwanza kwenye mlingoti mrefu.

Waya wa mtandao, ambao pia huipelekea redio umeme, nao usizidi mita 100 na uwe wa shaba tupu. Ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba hupoteza umeme njiani, na redio ikaanza kujizima na kujiwasha huku fundi akilaumu antena.