Siku mbili kwenye maonyesho makubwa ya sarafu: taa mbovu, ila jicho limefunguka

Nimetoka kwenye maonyesho makubwa ya sarafu, siku mbili nzima, miguu bado inauma, na nataka niandike sa hivi vitu vikiwa bado vya moto kichwani maana kabla sijaenda nilitafuta sana mtu aliyeelezea kitu hiki kwa Kiswahili na sikumpata. Kama unakusanya sarafu na hujawahi kufika kwenye maonyesho ya ukubwa huu, nenda. Miaka yote nimekuwa nanunua kwa kuangalia picha za mtandaoni na nilijiona najua, kumbe picha inakuonesha sarafu imetulia, wakati sarafu haikwambii ukweli wake mpaka uigeuze mkononi chini ya mwanga. Hilo ndo kubwa nililoondoka nalo. Natoa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja wameipoteza wenyewe, nitafika hapo.

Kuingia hakukuwa na shida kwangu kwa sababu nilijiandikisha mapema, ila waliokuja kujiandikishia mlangoni niliwaonea huruma, foleni ilikuwa haisogei. Unakaguliwa begi, unapewa beji ya shingoni na ramani ya meza. Ramani usiitupe. Ukumbi mmoja mkubwa, meza mistari kwa mistari, huku wa Kirumi na Kigiriki, kule dhahabu, pale noti za zamani, medali, vitabu, albamu, viwanda vya serikali vinavyogonga sarafu navyo vina mabanda yao, na ukiingia tu mkono unaanza kuwasha unataka kununua meza ya kwanza. Usinunue. Mi nilizunguka saa moja na nusu bila kutoa hata senti, naandika tu kwenye daftari namba ya meza na nilichokiona, na sarafu moja niliyoitamani mlangoni niliikuta meza tatu mbele ikiwa safi zaidi na bei imepungua.

Sasa niwaambie kuhusu mzee mmoja, jina lake silitaji, meza yake ilikuwa ya dola za Morgan tu, zile za fedha za Marekani zilizogongwa kuanzia 1878 hadi 1904 kisha zikarudi 1921. Nilimwambia ukweli kwamba mzee mi bado najifunza, sina hela ya maana leo. Akatoa dola mbili za 1921, mwaka wa kawaida kabisa maana kiwanda cha Philadelphia pekee kiligonga zaidi ya milioni 44, akaziweka zote mbili kwenye kitambaa cheusi akaniambia, "Mwanangu, moja mbovu. Nioneshe." Nikaangalia weee, zote zinameta, zote hazina mikwaruzo mikubwa, na kiukweli ningekuwa nanunua kwa picha ningechukua ile inayometa zaidi. Akanifundisha kuishika ukingoni kwa vidole viwili, mkono uwe juu ya kitambaa ili ikiponyoka isiumie, halafu niilaze taratibu kushoto kulia chini ya taa. Ya kwanza mwanga ukazunguka, yani mistari ya mwanga inatembea juu ya uso wa sarafu kama spoku za gurudumu la baiskeli. Ya pili mwanga umekaa palepale, imeng'aa yote kwa pamoja kama kijiko kilichotoka kusuguliwa, na nilipoweka lenzi nikaona mikwaruzo midogo kama nywele, yote imeelekea upande mmoja. Hiyo imesafishwa. Ule mwanga unaozunguka unatokana na vijistari vidogo sana ambavyo metali inaviacha inapotanuka chini ya mhuri wakati wa kugongwa, ukisugua unaviua na havirudi tena. Nimesoma habari hii mara ngapi sijui, ila kuiona kwa macho yangu, sarafu mbili pembeni kwa pembeni, ilinichukua dakika tano tu na sitaisahau.

Mzee yuleyule ndo alinionesha dola ya 1893 ya kiwanda cha San Francisco, ile ambayo waligonga laki moja tu na kila mwenye dola za Morgan anaiota. Ilikuwa kwenye plastiki iliyofungwa. Akanipa lenzi yake ya mara kumi akaniambia angalia neno LIBERTY pale kichwani kwa bibi aliyechorwa kwenye sarafu, herufi T, juu yake. Kuna kijistari kimelala mshazari ndani ya hiyo T, kidogo mno, na kipo kwa sababu za mwaka huo na kiwanda hicho zinajulikana zimetoka kwenye mhuri mmoja tu wa upande wa kichwa, kwa hiyo alama ya mhuri ule inatokea kwenye zote. Matapeli wanachukua 1893 ya kiwanda kingine wanabandika S, alama ya San Francisco, chini ya tai, ila kijistari cha T hawana. Moyo ulinidunda jamani. Nilimrudishia kwa mikono miwili.

Nilichonunua mwenyewe ni thala ya Maria Theresa. Kwa asiyeijua, huyu mama alikuwa mtawala wa Austria, alifariki 1780, na baada ya hapo sarafu yake ikaendelea kugongwa na mwaka uleule wa 1780 kwa sababu watu wa Uhabeshi na Uarabuni waliizoea na nyingine hawakuitaka, ikagongwa Vienna, baadaye hadi Roma, London, Bombay na kwingine. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni ya 1780" bado hujaambiwa kitu, inabidi uangalie mkia wa tai, manyoya yamepangwaje, na kile kifungo chenye lulu begani kwa mama, humo ndo wenye ujuzi wanatofautisha imetoka kiwanda gani. Muuzaji alikuwa nazo kama ishirini kwenye trei moja na hakukasirika mi kuzikagua zote, alinisogezea hadi kiti. Nilikuwa na mzani wangu mdogo wa mfukoni unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Thala nzuri inatakiwa icheze kwenye gramu 28.07, na ukingoni kuna maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Niliyoichukua ilisoma 28.02, maneno yamekamilika mzunguko wote na hamna alama ya kuungwa katikati ya ukingo, maana feki nyingi zinamiminwa kwenye kalibu za vipande viwili na hapo ukingoni ndo zinajisema. Tulipatana bei vizuri. Niliuliza kwa heshima kama kuna nafasi ya kupungua, akapunguza kidogo, nilipoongeza ya pili akapunguza tena. Hela taslimu inasaidia, hilo nimeliona meza karibu zote.

Kampuni za kupima daraja nazo zilikuwepo zinapokea sarafu za watu. Hawa wanaipa sarafu namba ya ubora kuanzia 1 hadi 70, mfumo uliotoka kwa Mmarekani Sheldon mwaka 1949 alipokuwa anapima senti kubwa za Marekani, halafu kampuni ya PCGS kuanzia 1986 na ya NGC 1987 wakaanza kuzifunga kwenye plastiki ngumu na namba yake. Zinasaidia hasa kwenye sarafu ghali zinazofojiwa. Ila niliona kwa macho yangu dola mbili zenye namba 64 zote, moja imegongwa vizuri hadi manyoya ya kifua cha tai yanahesabika na nyingine kifua kimekuwa bapa, na bei ni ileile. Hapo ndo unaelewa kwa nini wazoefu wanakaa muda mrefu na trei moja.

Pia kulikuwa na kabati za vioo za wakusanyaji wenzetu walioleta mikusanyo yao kuonesha tu, na mazungumzo ya bure vyumba vya pembeni. Huko mmoja alisimulia habari ya nikeli ya Liberty ya 1913, sarafu ya senti tano ya Marekani, ambayo nilikuwa naijua nusu nusu. Zinajulikana tano tu duniani. Mwenye moja alifariki kwenye ajali ya gari 1962 akiwa nayo, familia wakaambiwa siyo ya kweli, dada yake akaiweka kabatini miaka na miaka. Mwaka 2003 zile nne nyingine zikakusanywa kwenye maonyesho pale Baltimore, familia wakaleta yao, mabingwa wakaiweka pembeni ya zile nne wakaikagua, wakasema hii ndo ya tano. Mwaka 2013 iliuzwa zaidi ya dola milioni 3.1. Ukumbi wote ulikaa kimya. Bila zile nne kuwa chumba kimoja nayo sijui kama mtu angethubutu kusema.

Haya, nyota iliyopotea. Taa. Maonyesho ya sarafu halafu taa za ukumbi ziko juu kabisa, nyeupe, zimetawanyika, chini yake sarafu iliyosafishwa na isiyosafishwa zote zinafanana, na wauzaji waliokuja na taa zao za mezani labda nusu. Nusu nyingine unanunua kwa kubahatisha. Nililiona hilo kwenye meza moja, jamaa anauza sarafu ya fedha imesuguliwa waziwazi, kwenye kadi kaandika "haijatumika" na hajagusia kusafishwa, nilipomuuliza akasema kila mtu ana jicho lake. Hapana, hiyo si sawa, mnunuzi mgeni anaumia. Mwingine alikuwa na sarafu za shaba kwenye vile vifuko laini vya PVC, tayari zimeanza ute wa kijani, na hiyo ni kuua sarafu taratibu. Na siku ya mwisho usiitegemee, mchana tu meza nyingi zilishafunikwa, wameanza kupakia masanduku, na waliokata tiketi ya siku hiyo waliingia wakakuta mapengo. Waandaaji walitakiwa kulisema hilo kwenye tangazo.

Kitu kimoja cha usalama, ukitoka nje vua beji hapohapo mlangoni. Wezi wanajua mwenye beji ile ana nini kwenye begi.

Siku ya pili kabla sijaondoka nilirudi kwa mzee wa Morgan kumuaga. Akaniambia kaa. Akapanga dola nne kwenye kitambaa, akazima simu yake, akaniwashia taa, hakusema kitu. Nikazigeuza moja moja, nikamwambia hii safi, hii safi, hii imesuguliwa, hii safi. Akatikisa kichwa, akairudisha ile ya nne mkononi mwangu, akasema tu, "Mgongoni." Nikaigeuza upande wa tai, nikailaza taratibu, kushoto, kulia, na chini ya bawa mwanga ukafika pale ukasimama.