Mfuko wa kulalia: kagua zipu kwanza, nyuzijoto baadaye

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Mfuko umeandikwa unahimili nyuzi 10 chini ya sifuri, mtu kalala penye nyuzi 3 tu, na meno yamegongana mpaka alfajiri. Wote wanalaumu manyoya. Mimi huwauliza: baridi uliisikia upande gani? Wengi wanataja upande wa zipu.

Zipu ni mstari mrefu usio na unyoya hata mmoja. Mfuko wa maana huwa na bomba la kitambaa lililojazwa manyoya, limeshonwa kwa ndani sambamba na zipu ili kuziba upenyo huo. Basi ingia ndani hukohuko dukani, lala, funga, pitisha kiganja kuanzia begani mpaka magotini. Ukigusa meno ya zipu, au bomba limelala bapa, uache. Kisha ufungue na kuufunga kwa mkono mmoja. Kitambaa kikiliwa na zipu mchana kweupe, usiku wa manane ndani ya hema utakichana.

Rangi na kijimfuko cha simu mtajijua wenyewe.

Namba moja kwangu ni Western Mountaineering UltraLite, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hiyo. Umekadiriwa nyuzi 7 chini ya sifuri na haufiki kilo moja. Bomba la zipu limenona, shingoni kuna kola. Kwa hali ya hewa ya kigeugeu, utamu wake uko kwenye vyumba vya manyoya: vinazunguka mwili bila ukuta ubavuni. Usiku wa joto unayasukuma manyoya yaende mgongoni. Baridi ikikaza unayarudisha kifuani. Bei inauma, sikatai.

Namba mbili, Nemo Disco. Umepanuka mabegani na magotini, kwa sisi tunaolala ubavu, na juu una zipu mbili fupi za kutolea joto bila kuufungua mfuko wote. Namba tatu, Marmot Trestles wa poliesta, kwa penye unyevu: manyoya yakilowa yanasinyaa, poliesta bado inakupa joto kiasi. Ni mnene kuubeba.

Ile ya mstatili ya bei poa ni ya wageni sebuleni.

Sasa wauzaji. Kiwango cha kimataifa cha mifuko ya kulalia, ISO 23537, kinatofautisha joto la kulala kwa raha, la mpaka (la mwisho kulala bila baridi kukuamsha), na la hatari, yaani lile ambalo mwili unaweza kupoa kupita kiasi. Nani aliwaambia waandike hilo la tatu kwa herufi kubwa? Muuzaji mmoja nilipomwonyesha kibandiko alinijibu, "Dada, zote si namba tu?" Na mifuko yake ya manyoya ilikuwa imeshindiliwa kwenye vifuko vyake vya safari rafuni, imekaa hivyo kwa muda mrefu, manyoya yanachoka kabla hata hayajalaliwa. Dai ufunguliwe, usubiri uumuke. Ukibaki bapa, mwachie mwenyewe.